Shemeji aliondoka na adapter, akina mama wakapoteza mayai

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yalitokea nyumbani kwetu Homa Bay na sijaongeza chumvi. Bado nina hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Mimi hutengeneza computer Migori. Mama alitaka incubator ya kutotoa vifaranga, nikamuundia. Ndani kuna ile computer ndogo ya board moja, saizi ya kitambulisho. Inasoma joto, inawasha na kuzima bulb inayopasha mayai, na kunitumia readings kwa simu. Haizimwi usiku wala mchana.

Kwa power supply sikufanya mchezo. Nilinunua adapter yake halisi, volti tano zisizoyumba, ampea tatu, waya mfupi mnene.

Akina mama wa kanisa wakaleta mayai, kila mmoja ameandika jina lake kwa penseli. Tangu baba atuache, hii ndiyo kazi ya kwanza mama aliita yake. Alikuwa anatembea kifua mbele.

Ijumaa moja akaja shemeji, mume wa dada yangu. Kwa Kijaluo huyo anaitwa oche, na oche akifika kwa mama mkwe, boma nzima inasimama wima.

Simu yake ilikuwa inazima. Chaja yetu ya simu, ya waya mrefu mwembamba, inajaza polepole, mama akaona aibu. Akachomoa adapter ya incubator, akampa mgeni. Ile chaja ya simu akaichomeka kwa computer. Tundu ni lile lile, taa ikawaka, akaona mambo sawa.

Hapo ndipo wengi mnadanganyika, wakuu. Volti zikishuka kidogo simu haijali, ina betri yake. Computer haina. Inazima na kuwaka, inazima na kuwaka, katikati ya kuandika kwa memory card, mpaka card inaharibika.

Jumamosi readings zikakatika. Nikapiga simu mpaka nikachoka. Mama alikuwa kanisani na simu amezima, kama kila Sabato.

Computer iliganda bulb ikiwa imewaka. Mama aliporudi kutoka ibada alikuta mayai yameiva. Vifaranga walikuwa karibu kutoka.

"Sasa nitawaangalia aje hawa wamama?" aliniuliza alipowasha simu.

Na adapter? Oche alienda nayo. Nikamwambia mama aiitishe.

"Mimi niitishe oche chaja? Watu wa kwao watasema nini?"

Basi heshima ikabaki, mayai yakaharibika.

Somo: usisome tundu, soma volti na ampea. Waya mrefu mwembamba tupa. Adapter ifungie ndani ya box kwa screw, mtu asiweze kuichomoa hata kwa upendo. Na bulb iwe na thermostat ya kando ya kukata joto likizidi, isiyotegemea computer.

Wale akina mama sasa wanapita gate yetu na trei zao, wanapeleka kwingine. Wanasalimia vizuri sana. Mama anaitikia kutoka jikoni, hatoki nje.

Juzi oche amenipigia. Anasema ile chaja ni kali, simu inajaa haraka, niliinunua duka gani, anataka kumchukulia na ndugu yake.

Mama alikuwa kando yangu, akanifinya mkono. Nikamtajia duka.

Wewe ungemjibu nini? Uwanja ni wenu.