Nilifuta Sauti ya Mke wa Mwalimu, Nikasingizia Windows

Admin, nifiche vizuri. Usiweke hata herufi ya kwanza ya jina langu, kwa sababu huku kwetu watu wakisoma maringo yangu tu watasema, "Si huyu ni yule kijana wa kompyuta!"

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, natoka Nyamira, upande wa Nyansiongo. Shule niliachia kidato cha pili, lakini msinidharau. Kompyuta nimejifunza mwenyewe kupitia simu, na hapa sokoni hakuna mtu ananiweza kwa Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Python, lugha ya kuandikia programu, pia najua, si sana, lakini inatosha kunyamazisha mtu aliyetoka chuo. Windows mimi huiita sare ya shule: kila mtu anaivaa kwa sababu ndiyo alipewa. Hayo maneno nimeyasema hadharani mpaka nikapata sifa.

Mpinzani wangu nitamwita Mose, ingawa si jina lake. Mose ana saiba, kile kiduka cha kompyuta na intaneti, alisomea kompyuta Kisii mjini, na ni mtu wa Windows damu damu. Sisi ni Waadventista Wasabato na tunaimba besi pamoja kwenye kwaya. Tukikutana ni vita. Mimi namwambia, "Bosi, mashine yako ikianza kujiapdeti si unaweza kwenda kuchuma chai urudi?" Yeye ananijibu, "Na wewe, printa ilikubali Linux yako? Ama bado mnaiombea?" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Ilikuwa raha tu.

Sasa, Mwalimu wetu wa kwaya ana laptop ya zamani. Ndani yake kulikuwa na nyimbo zote tulizorekodi, na nyingi ni za mke wake, ambaye ndiye alikuwa akituanzishia nyimbo. Yule mama alifariki mwaka jana, na sauti yake haiko mahali pengine popote. Mwalimu akitoka shambani hukaa nje ya nyumba, anafungulia wimbo mmoja, anasikiliza, anafunga. Lakini laptop ilikuwa imekuwa nzito, basi Ijumaa moja mchana akaniletea.

"Mwanangu, nisaidie tu iende haraka. Zile za mama yenu usiguse."

Windows iliyokuwa humo aliiweka Mose. Nikaona hapa ndipo nitamwonyesha. Bila kuuliza mtu, nikaamua kuweka Linux ikae kando ya Windows, ili Mwalimu ajionee tofauti na atangaze kanisa zima.

Waliolelewa nyumba ya Kisabato wanajua Ijumaa jioni ilivyo. Jua likizama, hakuna kazi. Nguo zimepigwa pasi, chakula kimepikwa, na mama yangu anaita kutoka jikoni: "Wewe! Jua hilo linaenda! Sabato ikukute na hiyo mashine?" Nami nilikuwa nimefika pale unapoulizwa kama diski igawanywe ama ifutwe yote. Kugawanya kungechukua muda. Nikajiambia nyimbo ziko sehemu nyingine ya diski, kitakachofutika ni Windows peke yake. Onyo lilitokea, sikulisoma. Mtu mkali kama mimi asome onyo la nini? Nikabonyeza kufuta. Mama akaingia, tukapiga magoti kufungua Sabato, na nyuma yangu ile mashine inamfuta mke wa Mwalimu.

Jumapili nikaiwasha. Linux safi kabisa, inakimbia kama swara. Nyimbo hakuna hata moja.

Mwalimu alikuja mwenyewe kuichukua. Akaniuliza, "Mama yenu yuko?" Aliuliza hivyo, kama mtu anayebisha mlangoni. Ningesema ukweli hapo hapo. Lakini mdomo wangu huu ukatangulia: "Mwalimu, ile Windows ya Mose ilikuwa imejaa virusi. Imekula kila kitu. Mimi nimeokoa mashine tu."

Hakunigombeza. Alinishukuru. Kisha akaniambia nikae nayo, yeye hana kazi nayo tena.

Maneno yakatembea. Watu wakasema flashi za Mose ni chafu, ndizo zinaeneza virusi. Kwaya wakampokonya kazi ya kusimamia vyombo vya sauti, wakanipa mimi, nami nikaipokea! Sabato iliyopita Mose aliketi nyuma kabisa na hakuimba. Besi nilibaki nayo peke yangu, na kwa mara ya kwanza nilijisikia mwenyewe ninavyoimba vibaya.

Juzi akaja kwetu. Nikamrukia na mzaha: "Bosi, umekuja kuokoka? Nikuwekee Linux?"

Hakucheka. Akasema, "Sikuja kuuliza ni nani alifanya nini. Hiyo diski usiiwashe tena. Kitu kikifutwa hakipotei mara moja, kinapotea ukiandika kingine juu yake. Niletee nijaribu. Pengine tutampatia Mwalimu hata wimbo mmoja."

Nikamjibu nitafikiria. Sikumwambia kwamba tangu niachiwe hiyo laptop nimekuwa nikipakua filamu humo kila siku.

Ndugu zangu, nimeaibika. Mose akiifungua tu ataona diski ilifutwa kwa mkono wangu, virusi hakuna. Na Jumapili hii wazee wa kanisa wanaketi kuamua kama atolewe kwaya. Laptop nimeizima, iko juu ya kabati, na kila nikipita naangalia upande mwingine.

Watu wa Windows, nichekeni, leo sijibu komenti ya mtu. Lakini mkimaliza kucheka mniambie: nimpelekee Mose kwanza, nikiomba kuwe na kitu kilichobaki? Ama niende kwa Mwalimu leo nimwambie ni mimi, na sina hata wimbo mmoja wa kumrudishia?