Joto la Kiti cha Nyuma

Ndege ya Anderson Mgonja haikununuliwa, iliundwa. Iliundwa ndani ya ghala la zamani la mkonge nje kidogo ya mji wa Same, bati kwa bati, ribiti kwa ribiti, na Anderson mwenyewe, aliyestaafu ufundi wa ndege huko Arusha akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake. Badala ya kujenga vyumba vya wapangaji kama watu wenye akili zao, yeye akaagiza injini. Wapare tunasemwa nchi nzima kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Sikatai, hasa nikimkumbuka Anderson.

Ilikuwa ndege ndogo ya watu wawili, wanaokaa mmoja nyuma ya mwingine kama kwenye bodaboda. Kiti cha mbele kilikuwa cha Anderson mwenyewe, ambaye alisomea urubani akiwa na mvi tayari. Kiti cha nyuma, tangu bati la kwanza lilipokatwa, kilikuwa cha mkewe Dorkas. Mama wa watu alivumilia kelele za nyundo miaka yote kwa ahadi moja tu. Barabara ya kupanda Chome, alikozaliwa, ilikuwa imemshinda kwa sababu ya mgongo, na mumewe alimwahidi kwamba ndege ikipaa atampeleka aione kwao kwa juu, paa kwa paa.

Wakaguzi walikuja, wakagonga hapa, wakavuta pale, wakaridhika. Mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza, Dorkas akapanda kwa mara ya kwanza. Hata Chome hawakufika. Walipoanza kuupanda ukuta wa milima, sauti yake ilikuja kwenye visikizio ikikatikakatika, akiomba warudi. Walipotua vidole vyake vilishindwa kufungua mkanda, ikabidi mumewe amfungulie kama mtoto.

Jumapili iliyofuata aliwatangazia wanawake wenzake nje ya kanisa kwamba aliyesema jehanamu ni moto hajawahi kukaa kiti cha nyuma cha Baba Wema. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nyumbani hakucheka. Alimwambia mumewe kwa upole kabisa kwamba amemsamehe, ila kwenye kile kiti harudi tena mpaka Bwana atakapomwita.

Anderson aliumia. Afadhali angemkaripia. Aliunda ndege ya watu wawili ili awe na mtu wa kumwambia tazama pale, na sasa alikuwa akipaa na kiti kitupu mgongoni. Akirudi anaulizwa kulikuwaje huko juu, anajibu kulikuwa kuzuri, basi, mazungumzo yamekwisha.

Akaishika kesi ya baridi kama wanavyoishika wenzake kesi ya mpaka wa shamba. Kwanza alileta mablanketi, lakini mkanda ukagoma kufunga. Kisha akaongeza joto. Lilitoka kwenye ala ya bati iliyozunguka bomba la moshi, hewa safi ikapita humo, ikapata moto na kuingia miguuni pa rubani. Alipolifungulia lote, yeye mbele alitoka jasho mpaka viatuni, na gunia la mchanga alilolifunga kiti cha nyuma lilitua likiwa baridi kama jiwe la mtoni.

Ndipo akafanya kosa ambalo, nionavyo mimi, mtu wa pwani asingelifanya. Anderson alilelewa Mbaga, kwenye nyumba iliyoupa mlima mgongo. Huko upepo hupanda kutoka nyikani na kuupiga mlango wa mbele, na kila mtoto anajua kwamba baridi ikizidi unaziba mbele. Nyuma kuna mlima, nyuma hakuhitaji kuangaliwa. Basi akaiziba pua ya ndege. Akaziba kingo za kioo, akaziba kila upenyo uliokuwa mbele ya magoti yake, kwa wiki kadhaa na kwa uangalifu wa ajabu. Gunia likatua baridi vilevile.

Rafiki yake Swalehe, rubani mstaafu aliyemfundisha kuruka, alimkuta amekaa chini ya bawa, amenuna. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amewahi kukaa kiti cha nyuma mwenyewe. Anderson akakiri kwamba hajawahi.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," Swalehe akasema. "Na wewe unaliuliza gunia. Panda nyuma, leo naendesha mimi."

Anderson akapanda, akiwa na kibunda cha nyuzi za sufu. Alizifunga vipande kila mahali, kwenye mkanda, kwenye fremu na pembeni mwa kiti. Walipofika juu ya safu ya milima alikuwa akitetemeka meno, lakini macho yake hayakubanduka kwenye zile nyuzi. Zote zilikuwa zimelala kuelekea mbele. Upepo ulikuwa unatoka mkiani. Kule nyuma kulikuwa na matundu ya kupitishia fito za usukani zinazogeuza mkia, na hewa ya nje iliingia humo, ikakimbia ndani ya tumbo la ndege, ikampiga abiria mgongoni na kwenda kutokea kwenye kingo za kioo. Lile joto la miguuni halikuweza kurudi nyuma kwa sababu lilikuwa linasukumwa. Alijisikia mjinga, tena mjinga mwenye furaha kubwa.

Walipotua hakungoja hata chai. Alinunua kwa muuza vyuma chakavu makava ya ngozi ya gia za magari, yale yanayojikunja gia ikisogezwa, akayavalisha kwenye fito ili ziendelee kucheza bila kupitisha hewa. Nyuma ya kiti akafunga pazia la turubai kutoka sakafuni hadi juu. Kisha akatoboa njia ya bomba chini ya sakafu, joto likafika miguuni pa abiria, na karibu na vipimo akabandika kadi ndogo ya kuonyesha sumu ya moshi.

Kumrudisha Dorkas kulikuwa kazi nyingine. Hakushawishika na nyuzi wala gunia. Alikubali pale Swalehe alipomwapia kwamba yeye mwenyewe amekaa pale akavua koti, na hata hivyo alikuja amevaa sweta mbili, kofia ya sufu na kitenge juu ya yote.

Wakapaa asubuhi, anga likiwa jeupe. Wakapita Same, wakaanza kupanda. Anderson aliuliza hali, akajibiwa iko sawa. Akauliza tena walipoufikia msitu wa Shengena. Kimya. Akaita mara ya tatu. Kimya.

Kwenye kioo cha pikipiki alichokifunga juu ya vipimo alimwona mkewe, kidevu kifuani, mikono imelegea. Lile bomba lilipita jirani na moshi wa injini, na moshi huo hauna huruma, unamlaza mtu na haamki. Amemuua mkewe kwa kutaka kumpasha moto! Akalifunga joto, akafungua hewa ya nje, akageuza macho kwenye ile kadi ndogo yenye doa la rangi ya chungwa linalogeuka jeusi sumu ikiingia. Doa lilikuwa la chungwa, safi kama siku aliyolibandika. Na katika visikizio, chini ya ngurumo ya injini, akasikia kitu anachokijua vizuri kuliko injini zote alizowahi kufungua. Dorkas alikuwa anakoroma.

"Mama Wema!"

"Nini? Mbona umeingiza baridi?"

Alilala usingizi wa pono, sweta moja amekwisha kuivua na kuilalia. Mtu anayetetemeka halali. Anderson alicheka peke yake, machozi yanamtoka, akalifungulia joto tena. Kesi ameishinda, na ushahidi ulikuwa unapiga miayo mgongoni kwake.

Dorkas akajipangusa macho, akachungulia upande mmoja, akachungulia wa pili. "Chome iko wapi?"

"Tumeshaipita."



"Umenipitisha kwetu nimelala?" akasema. "Geuza, Baba Wema. Na uende polepole."

Anderson akainamisha bawa, akageuza.