Nilitikisa kegi la bia hadi mikono ikafa ganzi, kumbe tatizo ni joto

Wakuu, salamu. Haya yamenitokea mwenyewe hapa Mwananyamala, na aibu yangu sijaipunguza.

Mie huwa napika bia nyumbani. Kwa kawaida naitia kwenye chupa na sukari kidogo, nangoja wiki mbili ijitengenezee gesi.

Safari hii dada ana sendofu, sherehe ya kuagwa kabla ya harusi, Jumamosi na nilishawaahidi ndugu bia yangu. Mjomba, mwenyekiti wa kamati, akasema ataionja kwanza. Isipokuwa na gesi, haiingii ukumbini.

Deo, rafiki yangu fundi friji wa Ukonga, akaniazima kegi, lile pipa la chuma, na mtungi wa gesi inayotiwa kwenye soda. Akasema fungulia presha kubwa, tikisa, basi.

Alhamisi nikatikisa hadi mikono ikafa ganzi. Mjomba akaja, nikafungua bomba. Povu tupu. Lilipotulia, chini bia imelala kama maji ya jana.

"Anko, umepika bia au umefua?" mjomba akaniuliza.

Akanipa mpaka Ijumaa jioni.

Nikampigia Deo. Ongeza presha, akasema. Nikamuuliza kwa nini, akasema we ongeza tu. Mie bila sababu sigusi kitu, sembuse chuma chenye presha. (Chuo nilishawahi kutolewa kipindini kwa hizi "kwa nini" zangu.)

Nikawaza soda. Ya moto ukiifungua inakurukia, ya baridi imetulia. Maana yake baridi ndiyo inaishika gesi. Na kegi langu lilishinda chini ya bati, joto hili la Dar!

Kwenye friji haliingii. Ijumaa asubuhi nikanunua mabonge ya barafu kwa wauza samaki, nikayatia kwenye pipa la maji na kulizamisha kegi humo mpaka mchana. Kisha presha ileile ya jana, nikatikisa.

Safari hii nikasikia gesi ikiingia, ssss, halafu ikanyamaza taratibu. Nikaliacha kwenye barafu kwa muda wa saa tatu, nikapunguza presha kabla ya kumimina. Nje nikalisugua kwa sabuni, maana lilinuka samaki vibua.

Mjomba akanywa. Akabeua.

"Mletee na shangazi yako."

Nilichojifunza: baridi kwanza, presha baadaye, na usizidishe kiwango kilichoandikwa kwenye kegi.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Je, kutikisa kulisaidia, au baridi ingetosha yenyewe? Deo anasema kulisaidia. Mwenye jibu aliweke hapa, ila aje na sababu.