Msumari Mwekundu

Risasi ya kuunganishia waya ikiyeyuka hutoa moshi mtamu unaowasha pua. Leo moshi huo umenijaa puani hapa Kanduyi, nikitengeneza kompyuta ninayoandikia programu, nami naikumbuka redio ya mama.

Nilikuwa msichana mdogo, nimeshaacha shule. Mimi na mama tuliishi Kipsongo, naye kukhu, mama yake mama, alikuwa mgonjwa sana kwao Kamukuywa. Hatukuwa na simu. Kila jioni mama alisikiliza matangazo ya vifo kwenye redio, ahakikishe jina la kukhu halisomwi. Jioni hiyo redio ilikuwa imenyamaza. Betri nilikuwa nimezianika juani zipate nguvu, lakini wapi. Nilipoifungua, nikaona waya wa spika umeachana na mahali pake, nikatia msumari kwenye makaa ya jiko upate moto.

"Harakisha bana, wanakaribia kusoma," mama alisema, akipepea jiko kwa kifuniko cha sufuria.

"Ati fundi wa msumari!" jirani alicheka mlangoni. "Si utatuchomea nyumba!"

Nilitoa msumari mwekundu kwenye makaa kwa koleo, nikagusa nao tone la risasi lililobaki pale waya ulipoachana. Likayeyuka, waya ukashika. Redio ikakohoa, kisha ikasema. Niliruka kwa furaha, hata jirani akapiga makofi.

Ndipo jina la kukhu likasomwa, kwa sauti safi kabisa.

Mama hakulia. Aliitazama redio, akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema polepole, "si uirudishe vile ilikuwa."

Nikauchukua msumari, nikaurudisha kwenye makaa.