Jenerali wa Kijerumani wa Kibanda cha Nesitu

Jumanne asubuhi nilikuwa nafuta tena sentensi ya kwanza ya safu nyingine kabisa, simu ilipolia na binti wa rafiki yangu mmoja, meja mstaafu, akaniambia baba yake ametutoka. Nilitafuta neno la pole lililo sahihi hadi yeye ndiye akanipa pole mimi. Wasomaji wangu mnanijua: uandishi nimejifundisha mwenyewe, na kila koma naiogopa kama askari wa kizuizi cha barabarani. Marehemu alikuwa dawa yangu ya woga huo, ingawa aliniponya kidogo tu.

Alipotoka jeshini alikwenda Nesitu kupanga safari za malori yanayoingia Juba kutoka mpakani, Nimule. Kwenye kibanda chake hakuzungumzia vita alivyopigana yeye. Alimzungumzia jenerali mmoja wa Ujerumani wa karne ya kumi na tisa, ambaye habari zake alizisoma ukimbizini Uganda katika kitabu kisicho na jalada. Alimsimulia kama mjomba wake. Kwamba ujanani alikuwa mchora ramani, mtu wa maneno machache. Kwamba aliazimwa kwa jeshi la Waturuki, akamshauri kamanda wao, hakusikilizwa, na jeshi likashindwa vitani. Kwamba alipokuja kuwa mkuu wa mipango kwao, umri ukiwa umeshamwenda, aliwashinda Wafaransa kwa reli na kwa amri fupi: aliwaambia makamanda jambo linalotakiwa, namna ya kulifanya akawaachia wenyewe. Siku moja nilimkumbusha kwamba ushindi huo ulizika vijana wengi, wa Kifaransa na wa Kijerumani. Alikoroga chai. "Najua," akasema. "Mimi nimechukua amri fupi tu. Makaburi nimemwachia mwenyewe."

Nilidhani ni hadithi za kunywea chai, hadi msimu mmoja wa mvua kipindupindu kilipoingia Mangateen, kambi ya waliokimbia makwao pale Juba. Lori lililobeba dripu za zahanati ya huko lilikwama kabla ya kufika Nesitu, na dereva wake, Mganda mmoja mwenye sauti kubwa, akapiga simu mimi nikiwa nimeketi na mzee. "Mzee, huku barabara imekatika. Mimi iko na mzigo, maji iko kila pahali. Napita wapi?" Nilikwishafungua ramani kwenye simu yangu, nikaona njia ya kando, nikamwonyesha mzee. Hakuitazama. "Watoto wa Mangateen wanakauka," alimwambia dereva. "Dripu zifike leo. Wewe ndiye uliye huko; macho ni yako, mwanangu." Akakata simu. Nilimwambia, kwa heshima iliyoanza kupungua, kwamba amemtelekeza mtu. Akanijibu kwamba ramani yangu haijalowa. Baadaye tulisikia kuwa dereva aliwaita vijana wa bodaboda waliokwama ng'ambo ya pili ya maji, wakavusha maboksi kichwani na kuyapakia kwenye pikipiki zao. Ile njia yangu ya kando ilikuwa imegeuka mto. Jua halijazama, muuguzi akapiga simu kusema dripu zimefika. Mzee aliinua kikombe, na mkono ukamtetemeka hadi chai ikammwagikia gotini. Kumbe muda wote ule alikuwa anaogopa kuliko mimi. Hapo ndipo nilipompenda.

Katika bika, chini ya turubai la msiba, binti yake alilalamika huku akicheka kwamba kuhusu mazishi marehemu aliacha agizo moja tu: mgeni asirudi na njaa. "Hata kaburi liwe wapi hakusema," alisema. "Baba amekufa, bado anatuambia tutafute njia." Watu wa namna hii huichosha nyumba, sitalificha hilo. Lakini mji wetu una ofisi nyingi ambamo karani hathubutu kufungua dirisha bila ruhusa ya mkubwa, nasi tunaliita jambo hilo nidhamu. Yeye aliwaamini watu kabla hawajamthibitishia chochote, na hofu yake akaibeba mwenyewe, bila kumtwika mwingine.

Binti huyo aliniomba niandike ili watu wamjue. Jana nilimpigia kumuuliza nianzie jeshini au kwenye malori, ukali wake niuguse au niuache. "Kaka, macho ni yako," akasema, akakata. Nilikuwa nangoja siku ambayo mkono wangu utaacha kutetemeka ndipo niachilie maandishi yangu yaende. Nimeelewa sasa kwamba mkono unaotetemeka nao huachilia. Kuna koma humu bado nazitilia shaka. Naituma safu hii hivyo hivyo.