Mtaalamu wa Sosi ya Embe

Mtaalamu wetu pale kiwandani Jebel huvaa koti jeupe lisilojua doa, na mikono yake hunukia sabuni, si embe. Kila asubuhi humimina mafuta yote kwa mkupuo kwenye rojo la embe, kisha huilaumu mashine sosi inapojitenga, mafuta juu, maji chini.

"Ustaz, mafuta mimina polepole," Natalina, anayemenya maembe, alimwambia.

"Wewe iko na digrii?"

Jana mtaalamu alipotoka kupokea simu, Natalina alimimina mwenyewe, tone kwa tone, na sosi ikashikana. Mnunuzi wa hoteli, aliyekwisha kuturudishia chupa mara mbili, aliipindua chupa mpya, akaitazama, akauliza imewezekanaje. Mtaalamu alikohoa, akafunga vifungo vya koti.

"Hiyo ni siri ya kitaalamu," alisema, na kweli, kwake ilikuwa siri.