Tunzo Kwenye Paji la Uso

Nilianza kusikia mlio wa upatu gizani, kabla pazia halijafunguka. Dada yangu Zuhura ndiye aliyenipatia kiti cha mbele kwenye onyesho lile la utamaduni wa Thailand, katika ukumbi mmoja hapa Durban. Alikuwa kwenye majaribio ya kazi, akipokea wageni mlangoni.

“Usiniaibishe, mdogo wangu. Leo wanaamua kama nabaki.”

Mchezaji akatokea na taji la dhahabu refu kama mnara, akapinda vidole, akaninyoshea mkono. Mimi mwandishi, ninayejisifu kusoma mioyo ya watu, mtoto wa Tanga niliyelelewa na taarabu, nikaona wazi: anataka kutunzwa! Nikapanda jukwaani nikitikisa mabega, nikambandika noti kwenye paji la uso, kisha nikalisawazisha taji lake.

Muziki ukakatika. Msichana akarudi nyuma, mikono kichwani, akilia.

“Umemshika kichwa!” Da Zuhura alipiga kelele. “Kwao kichwa ni kitakatifu, we mwendawazimu!”

“Eish, unamjua huyu?” meneja akamuuliza.

Angeweza kunikana.

“Ni mdogo wangu,” akasema. Akavua beji, akamkabidhi, akatoka. Ukumbi mzima tukausikia mlango ukijifunga nyuma yake.